Mti wa Majani Mekundu Uani Kwako

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, simu za akina mama wengi wa pwani huanza kupokea picha za namna moja. Mtoto wa kaka, au mjukuu, amesimama kando ya mti hali amevaa koti zito na kofia ya sufi, na nyuma yake majani yote ni mekundu kana kwamba kuna mtu aliyepanda juu akayatia rangi jani kwa jani. Mengine ni ya manjano, mengine rangi ya chungwa lililoiva, mengine damu ya mzee. Chini pametandikwa majani yaliyoanguka, na hayo nayo hayajapoteza rangi. Mtazamaji aliyeketi Mombasa, ambako mwembe ni kijani Muharram hadi Mfunguo Tatu, hawezi kulaumiwa akitamani.

Mimi picha zangu hutumiwa na wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, wakaao London. Mwaka juzi alinitumia moja iliyonifanya nitende jambo ambalo hadi leo ni kichekesho cha nyumbani kwetu. Ilikuwa picha ya mti uitwao mepoli, ule ambao jani lake limewekwa katikati ya bendera ya Kanada tangu mwaka 1965. Nikatafuta kwenye simu, nikaona pakiti za mbegu zikiuzwa, na juu ya pakiti picha tatu: mepoli mwekundu, mepoli wa zambarau na mepoli wa buluu. Nikalipa shilingi elfu moja na mia tano kwa mbegu kumi. Nilizipanda katika chungu, nikakiweka kivulini, nikakimwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya tatu mche mmoja ukachomoza. Niliwapigia watu simu. Wiki ya sita mama alikuja kunitembelea, akachuma jani moja, akalifikicha baina ya vidole, akaninusisha. "Mwanangu," akasema, "huu ni mchicha."

Baadaye ndipo nilipojifunza ambayo ningepaswa kuyauliza kabla ya kutoa fedha. Kwanza, hakuna mepoli wa majani ya buluu popote duniani. Ile ni picha iliyopakwa rangi ili watu kama mimi wanunue. Pili, mbegu za miti hiyo kwa kawaida hazioti mpaka zipitiwe na miezi kadhaa ya baridi yenye unyevu. Na tatu, ambalo ndilo kubwa, hata ningepata mche wa kweli ukashika mizizi, usingegeuka mwekundu hapa.

Nisingeandika habari hii kwa sababu ya shilingi elfu moja na mia tano. Naiandika kwa kuwa miezi ile ile nilipokuwa nikimwagilia mchicha wangu, ndugu yangu mdogo alikuwa akitafuta mtu wa kuukata mkungu wa uani kwa mama, kule Likoni. Na mkungu ndio mti tulio nao sisi ambao majani yake hugeuka mekundu.

Tuanze na jani lenyewe. Jani ni jiko la mti. Ukijani wake hutokana na kitu kiitwacho klorofili, ambacho hupokea mwanga wa jua na kuutumia kupika chakula kwa maji ya ardhini na hewa. Klorofili haidumu, huharibika na kutengenezwa upya kila siku, na kazi hiyo humgharimu mwenyewe. Katika nchi za baridi hufika wakati gharama hiyo haina faida tena. London, mchana wa mwezi wa Juni huzidi saa kumi na sita. Wa Desemba haufiki saa nane. Mti huhesabu urefu wa usiku, ukajua kwamba baridi i njiani, na kwamba hivi karibuni maji ya ardhini yatakuwa magumu kunyweka. Basi huanza kufunga jiko. Klorofili huvunjwavunjwa na virutubisho vyake hurudishwa ndani ya matawi na mizizi, kama mwenye nyumba aondoaye vyombo vya thamani kabla ya safari.

Ukijani ukiondoka, rangi ya manjano iliyokuwa chini yake huonekana. Hiyo haikuja jana. Ilikuwamo tangu jani lilipokunjuka, nayo ni ya jamii moja na rangi ya karoti. Wekundu ni habari nyingine. Wekundu hutengenezwa upya siku hizo za mwisho, kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani wakati kikonyo chake kinapozibwa. Rangi hiyo huitwa anthosianini, na aliyewahi kula zambarau akatazama ulimi wake katika kioo ameshaiona. Mchana wa jua kali ukifuatwa na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha, sukari hubaki nyingi jani likawa jekundu sana. Mwaka wa mawingu na usiku wa vuguvugu, miti ile ile huwa na rangi iliyofifia. Ndiyo maana wifi yangu mwaka mmoja hutuma picha thelathini, na mwaka mwingine hatumi hata moja.

Sasa tazama Mombasa. Tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa haitimii nusu saa, na usiku wetu ni mara chache kushuka chini ya nyuzi ishirini za joto. Mepoli ukiletwa hapa utakaa ukingoja barua isiyoandikwa. Hautaambiwa lini ulale wala lini uamke, na mti uliozoea kulala ukikoseshwa usingizi mwaka hadi mwaka hudhoofika ukafa.

Hata lugha yetu inaona taabu kulitaja jambo hili. Kamusi nyingi huyapa majira hayo jina la vuli, kwa kuwa miezi inakaribiana. Lakini vuli yetu ni mvua. Ni wakati wa kuchipua, na mtu akiniambia majani huanguka wakati wa vuli, nitamwuliza ni pwani ipi hiyo. Wako wasemao majira ya mapukutiko, nami nimelipenda neno hilo kwa kuwa halimkopi mtu mvua zake.

Ningeulizwa ni wapi watu wameishi na majani mekundu kwa muda mrefu na kwa adabu, ningetaja bonde la Kashmir. Kando ya ziwa Dal, mjini Srinagar, ziko bustani za wafalme wa Kimughal: Shalimar, iliyoanzishwa na Jahangir mwaka 1619 kwa ajili ya mkewe Nur Jahan, na Nishat, iliyojengwa na Asif Khan, nduguye Nur Jahan, mwaka 1633. Ndani ya bustani hizo, na katika viunga vya misikiti, njia panda na nyua za watu, umesimama mti uitwao chinar. Ni mti mkubwa mno. Shina la uliozeeka haliwezi kukumbatiwa na watu wawili walioshikana mikono, na umri wake huhesabiwa kwa karne. Jani lake ni kama kiganja kilichokunjuliwa vidole. Majira ya mapukutiko, ambayo kwa Kikashmiri huitwa harud, kiganja hicho hutoka kijani kikaenda manjano, kikaenda rangi ya kaharabu, kikaishia wekundu wa makaa yaliyopulizwa.

Kilichonivutia zaidi katika habari za chinar ni yale yafanywayo na wanawake wa huko baada ya majani kuanguka. Huyafagia, wakayakusanya mafungu mafungu, wakayachoma polepole huku wakinyunyiza maji ili yasiteketee yakawa jivu. Kinachobaki ni makaa mepesi, yanayotiwa katika magunia kungojea baridi. Huko kila mtu ana kangri, chungu kidogo cha udongo kilichosukiwa kikapu kwa nje, kinachotiwa makaa ya moto na kubebwa ndani ya vazi pana liitwalo pheran. Msomaji aliyezoea kujifukiza udi kwa chetezo hatahitaji maelezo marefu. Tofauti ni kwamba wao hutembea nacho. Basi mti huo mmoja huwapa kivuli wakati wa joto na makaa wakati wa baridi, na baina ya hayo mawili huwapa rangi. Kuukata bila ya idhini ya serikali ni kosa la kisheria.

Na rangi yenyewe wameiingiza ndani ya nyumba kwa njia isiyonyauka. Jani la chinar huchongwa katika mbao za mjozi, huchorwa juu ya visanduku vinavyofinyangwa kwa karatasi iliyopondwa, na hudariziwa katika pindo za shali. Huenda msomaji anayo shali ya Kikashmiri kabatini, akadhani ni ua la kubuni tu.

Nililichukua swali langu huko Kashmir, nami huwapa wote wanaoniuliza habari ya miti: wiki tatu za wekundu ni nzuri, lakini mti huu utanifanyia nini katika wiki arubaini na tisa zilizobaki?

Kaka yangu hakujiuliza hivyo. Walipojaliwa kununua nyumba yenye kiwanja cha nyuma, upana wake haupiti ukumbi wa nyumba ya mama, alitaka kupanda mwaloni mwekundu wa Kimarekani, kwa sababu aliuona katika bustani ya umma ukapendeza. Mti huo hupita mita ishirini. Ardhi ya sehemu nyingi za London ni mfinyanzi, na mfinyanzi una tabia ya kunywea ukikauka na kufura ukilowa. Mti mkubwa wenye kiu, kama mwaloni au mwerebi, ukipandwa karibu na nyumba hufyonza maji wakati wa kiangazi hata ardhi ikanywea chini ya msingi, na kuta zikapasuka. Mashirika ya bima huko huuliza habari za miti kabla ya kuandika mkataba. Wifi yangu, ambaye ndiye mwenye akili za ardhi katika nyumba ile, alikwenda kwenye kitalu cha miche akiwa na vipimo vya kiwanja vilivyoandikwa kwenye kipande cha karatasi.

Alirudi na majina manne, nami nayaandika kama alivyonisomea, kwa majina ya kitaalamu ambayo mwuza miche wa nchi yoyote huyafahamu. Acer palmatum, mepoli mdogo wa Kijapani, hukua polepole sana na hukubali kuishi katika chungu kikubwa miaka mingi. Hauvumilii upepo mkavu wala jua kali la alasiri, majani yake huungua kingo. Sorbus aucuparia ni mwembamba, unaofaa penye nafasi ndogo, na huzaa vishada vyekundu ambavyo ndege huvimaliza kabla ya baridi kushtadi. Ginkgo biloba, wenye jani kama upepeo, hugeuka dhahabu yote kwa pamoja na huweza kuyamwaga majani yake kwa siku moja au mbili. Ni mti mgumu, hata iko miginko kadhaa ya Hiroshima iliyonusurika bomu la mwaka 1945 na ikaendelea kuchipua. Lakini ginko jike huangusha matunda yenye uvundo usiovumilika, basi mnunuzi ahakikishe anapewa dume. Wa nne ni Amelanchier lamarckii. Huu hutoa maua meupe majira ya kuchipua, majani machanga ya rangi ya shaba, matunda madogo meusi yanayolika, kisha wekundu wa mapukutiko. Nao hubaki mti wa kimo cha kadiri, usiotishia paa la jirani.

Walichukua huo wa nne, wakaupanda mwezi wa Novemba, wakati mti umeshalala na mizizi haipati taabu ya kuhamishwa. Nasaha moja aliyopewa wifi yangu naiona ni ya thamani kwa kila mwenye jamaa katika nchi hizo: mche ununuliwe majira yale yale ya mapukutiko, jani likiwa na rangi yake mtini. Miche ya aina moja iliyooteshwa kwa mbegu hutofautiana kama watoto wa mama mmoja; mmoja huwaka, wa pili hukauka kahawia bila ya kusema neno.

Turudi kwetu, kwenye mkungu. Sikusudii mkungu wa ndizi. Nakusudia mti ule wa kungu, ambazo sote tulizivunja kwa jiwe utotoni tukapata kokwa ndogo kuliko jasho. Asili yake ni pwani za Asia na visiwa vya kule, na umezoea mchanga na chumvi ya bahari. Matawi yake hutanda ubavuni kwa tabaka, orofa juu ya orofa, hata kivuli chake ni kipana kuliko kimo chake kinavyoahidi. Mara moja au mbili kwa mwaka, hasa wakati wa ukavu kaskazi inapovuma, majani yake makubwa hugeuka. Hayageuki yote pamoja. Utaona jani moja jekundu kama ulimi wa moto limezungukwa na ya kijani, kesho yake matano, na mwisho mti mzima ni mchanganyiko wa wekundu, manjano na damu ya mzee. Kisha hupukutika, na baada ya muda mfupi chipukizi mpya hufunika matawi. Hapa hakuna baridi wala siku fupi. Ukavu ndio huuambia mti ufunge jiko.

Mama aliupanda wake mwaka aliozaliwa kaka yangu mkubwa. Baada ya sala ya Alasiri huweka mkeka chini yake, na majirani humfuata hapo. Wajukuu wote wamejifunza kutambaa kwenye mkeka ule.

Ndugu yangu mdogo, aishiye na mama, alikuwa na hoja zake, nami siwezi kusema zilikuwa za uongo. Majani huziba milizamu ya paa. Popo huja usiku kula kungu wakaziangusha juu ya mabati, na mtoto mchanga huamka. Mizizi imeinua saruji ya uani, hata mama amejikwaa mara mbili. Na majani yaliyoanguka, kwa kuwa ni makubwa na hujikunja kama kijiko, hushika maji ya mvua, na maji hayo ni kitanda cha mbu. Mji ambao homa ya dengi imepita zaidi ya mara moja haupaswi kulidharau hilo.

Kaka alipopata habari alipiga simu kutoka London. "Msiukate," alisema. "Mti huo ni rika langu." Ndugu yangu mdogo alimsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza, kisha, simu ilipokatwa, akasema, "Yeye hafagii."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Sisi tunaopenda mti kwa picha, mara nyingi si sisi tunaoinama na fagio. Kabla ya kupanda mti wowote wa majani mengi, dada msomaji, uliza nani atakayefagia, na kama jibu ni wewe peke yako, panda mdogo. Mkungu, kwa kadiri ya yaliyotupata sisi, uwe mbali na nyumba kwa hatua kumi za mtu mzima au zaidi, na mbali vile vile na shimo la choo na birika la maji. Sisi tulikuwa na hatua nne.

Asiye na nafasi hiyo hakukosa. Iko njia ya pili ya rangi katika nchi za joto ambayo wengi wetu huiona kila mwaka bila ya kuitia maanani: huku kwetu jani huwa jekundu likizaliwa. Tazama mwembe unapochipua. Majani machanga hutoka yamelegea, rangi ya shaba na zabibu, kisha siku baada ya siku hukaza na kuwa kijani. Mdalasini ni mzuri zaidi. Chipukizi zake hutoka na wekundu wa waridi hata mti ukaonekana kama umechanua. Rangi ni ile ile anthosianini, na hudhaniwa kwamba hulikinga jani changa na ukali wa jua na meno ya wadudu. Mdalasini hukubali kupogolewa, na kila upogolewapo huchipua upya, basi rangi hiyo mtu anaweza kuiita. Kwa mwenye ua mdogo huu ndio ningeuchagua, na gome lake likatiwa katika pilau.

Kisha uko mbogenvilia, ambao rangi yake yote ni majani. Ua lake la kweli ni kile kijimirija cheupe kilichojificha katikati. Vile vitatu vinavyokizunguka, vyembamba kama karatasi, ni majani yaliyobadilika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina limetokana na baharia wa Kifaransa, Louis-Antoine de Bougainville. Mti huu hupenda taabu: ukiumwagilia mno hukupa kijani tupu, ukiunyima kidogo hufunika ukuta. Na akaaye ghorofani, mwenye roshani tu, atafute krotoni. Aina zake ni nyingi mno, zenye manjano, wekundu na weusi katika jani moja, nazo hukubali chungu. Kiwekwe palipo na mwanga mwingi, kwani kivulini rangi hurudi kijani. Utomvu wake huwasha ngozi, basi kisiwe karibu na mtoto atiaye kila kitu kinywani.

Na ndani ya nyumba? Nimeona kumbi zetu zikipambwa kwa maua ya plastiki yanayoshika vumbi mwaka mzima, na siwalaumu wenye nazo, kwa kuwa maua mabichi ni ghali. Jani la mkungu halina bei. Liokotwe asubuhi, siku ile ile lililoanguka, kabla jua halijalikausha. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, likaushwe, lilazwe baina ya kurasa za gazeti, na juu yake pawekwe kitu kizito. Mimi huyaweka chini ya godoro, karibu na ukuta ambako hapalaliwi, wiki moja au zaidi, nikibadilisha gazeti siku ya tatu ili yasiote ukungu. Yakitoka huwa bapa na magumu kidogo, na wekundu wake umetulia. Usiyaweke dirishani, jua huinyonya rangi ndani ya siku chache. Kivulini hukaa muda mzuri, kisha huhamia kahawia, na hapo huokotwa mengine.

Kwa wageni wa futari mimi huyapanga kwenye sinia, ncha zikitazama nje, nikaweka juu yake vibakuli vya tende na maji. Chakula kisigusane na jani. Mwenye nyumba ya kizamani yenye zidaka ajaribu jani moja moja katika kila kidaka, nyuma ya bakuli la kauri. Weupe wa chokaa utafanya kazi iliyobaki. Matawi ya mkalitusi nayo yaweza kuhifadhiwa kwa gliserini: fungu moja la gliserini kwa mafungu mawili ya maji ya moto, ncha za matawi zikipondwa kidogo kabla ya kutumbukizwa. Baada ya wiki kadhaa majani hulainika kama ngozi na hubaki hivyo. Njia hii haifai kwa jani lililokwisha kuwa jekundu, kwa sababu kikonyo chake kimeshazibwa, halinywi tena. Na tafadhali, jani la oleanda, hata lipendeze vipi, lisikaribie sinia ya chakula. Mti ule una sumu tangu mzizi hadi ua.

Mkungu wa mama haukukatwa. Aliletwa mkata miti, akaondoa matawi yote yaliyolielekea paa, na kwa upande huo mti sasa unaonekana kama mtu aliyenyolewa nusu ya kichwa. Saruji iliyozunguka shina ilivunjwa, pakatiwa kokoto. Wajukuu wawili wamepewa zamu ya kufagia kabla ya kwenda chuoni, na majani hutiwa katika shimo nyuma ya jiko yakawa mboji ya mdalasini wangu. Popo bado wanakuja. Ndugu yangu mdogo hajaridhika kabisa, naye ameniambia wazi kwamba mizizi ikifika ukutani mazungumzo yatafunguliwa upya.

Mwezi wa Januari ulipogeuka, nilimpiga mama picha, ameketi mkekani na majani mekundu yamemzunguka, nikaituma London. Kabla ya Magharibi wifi yangu alikuwa amejibu kwa picha ya mti wao, ambao majira hayo hauna jani hata moja, vijiti vitupu na theluji kidogo penye panda za matawi. Akaandika kwamba Oktoba iliyopita uligeuka vizuri, jirani akaja kuuliza jina lake. Mama aliichukua simu, akaiweka mbali kidogo na macho kama afanyavyo, akaitazama ile picha kwa muda.

"Na huo wao," akaniuliza, "hufagiwa na nani?"